Ziwa Halikungoja Jibu la Kinshasa

Watu wa shirika, mumeimba vizuri leo kwenye sala yetu hii, hata mbuzi wa jirani amenyamaza. Mama mukubwa wa shirika amenipa dakika kumi. Anajua kazi niliyofanya maisha yote, ndiyo maana namuona ameshika saa mukononi. Mama, nitajaribu.

Wengi wenu munaniita Papa Rekta. Ninawaomba hilo jina muliweke kando kidogo, kwa sababu habari ninayowaletea ni ya muntu aliyepewa kitu kimoja akilinde, akashindwa, na kilikuwa mbele ya macho yake. Sitataja jina la muntu yeyote. Langu munalijua, na kwa aibu hii linatosha.

Nilizaliwa kule uwandani, Ruzizi, baba yangu akilima mupunga. Nikiwa mutoto, jirani mumoja alimupeleka kwa tribunali juu ya shamba. Baba alikwenda na mashahidi wane, watu wazima, waliolima naye tangu ujana. Jirani alikwenda na karatasi moja. Tulishindwa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, na minye nyuma yake nikaapa moyoni kwamba siku moja karatasi zitakuwa upande wangu.

Basi nikasoma sheria. Nilisoma kama muntu mwenye hasira. Doktora yangu iko juu ya ushahidi kwenye kesi za mashamba, kurasa mia ine na zaidi, na ukizikamua zote zinabaki na neno moja: mudomo wa muntu uje mwisho, karatasi ije kwanza. Nikawa asistanti, nikawa profesa, nikawa mukubwa wa kitivo, halafu wakanivalisha lile joho la rekta, mukubwa wa chuo kikuu chote, hapa Uvira. Darasani, mwanafunzi akianza kusema "watu wote wanajua, Professa", nilikuwa nanyoosha mukono: lete karatasi. Waliniita Papa Karatasi. Walifikiri sijui. Nilijua, na ndugu zangu, nawaambia kweli, lile jina lilinipendeza.

Sasa, samahani, nirudi darasani kidogo. Kwenye chuo kikuu kuko kitabu kimoja kinachozidi vyote. Kinaitwa palmarès. Kila mwaka, wanafunzi wakimaliza, tunaandika ndani yake majina ya waliofaulu na daraja ya kila mumoja, na wakubwa tunasaini. Diploma yenyewe inatoka Kinshasa, na munajua inaweza kukawia miaka. Wakati huo wote muntu anatembea na kikaratasi cha kuonyesha kwamba alimaliza. Kikipotea, na hapa kwetu, na mafuriko na kukimbia-kimbia, nani hakupoteza karatasi? Kikipotea anakuja kwetu, tunafungua palmarès, tunamuandikia kingine. Kitabu kile ndicho kinasema: huyu alisoma. Vitabu hivyo vya miaka yote vilikuwa katika chumba kimoja, kwenye jengo letu la kando ya ziwa. Mulinzi wake kwa sheria ni rekta.

Naona mwalimu wetu pale anataka kuuliza: na kopi? Papa, kopi za Kinshasa zilikuwa ndani ya makarto, yale maboksi, katika chumba kilekile, zikingoja muntu wa kusafiri nazo. Na ordinateri, zile kompyuta zetu, zilikwenda na watu wa bunduki. Walizibeba pamoja na nyaya zake.

Ziwa lile munalikumbuka, hakuna muntu wa hapa asiyelikumbuka. Halikuja mbio. Lilikuja polepole, wiki na wiki. Likachukua barabara ya chini, likachukua nyumba za wavuvi, likafika kwenye ngazi ya kwanza ya jengo letu. Siku hiyo mzee wetu wa biro, mutunza ofisi, yule aliyeshika funguo, akaingia kwangu bila kugonga mulango.

"Papa Rekta, tutoe vile vitabu leo. Paruasi iko juu kule, padri amekubali. Watu wa kubeba wako hapa inje."

"Haiwezekani," nikamuambia. "Sheria ya chuo inasema palmarès haitoki kwenye majengo yetu bila ruhusa ya maandishi kutoka Wizara."

Akaniangalia. "Na ziwa, Papa, lenyewe liliisoma hiyo sheria?"

Munacheka. Minye sikucheka. Nilimuandikia barua ya kumutaka ajieleze ndani ya saa makumi ine na nane, juu ya kukosea mukubwa heshima. Yule mzee! Aliyekuja kuniokoa! Akaijibu, masikini, kwa mwandiko wake wa kutetemeka, akaomba musamaha. Barua yake hiyo ningali nayo nyumbani.

Halafu nikaandika Kinshasa kuomba ruhusa. Barua nzuri, kurasa mbili, sheria zote zimetajwa kwa namba zake. Nikawa nangoja. Kila asubuhi nilikuwa nauliza kama accusé de réception imefika, ile karatasi ya kusema tu "barua yako tumeipata". Hakuna. Maji yakafika ngazi ya pili. Nikaamuru vitabu vitolewe kwenye rafu ya chini viwekwe kwenye rafu ya juu, na nikajisikia muntu wa akili sana. Maji yakaingia korido. Mzee wa biro alikuwa anakuja kila siku, suruali imekunjwa mupaka magotini, anasimama mulangoni, ananiangalia tu. Hakusema tena. Nilikuwa nimemufunga kinywa kwa barua.

Muniulize kwa nini. Nimejiuliza mara ngapi! Haikuwa uvivu. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja muntu ataniuliza: ulivitoa kwa ruhusa ya nani? Na minye, Papa Karatasi, nitakosa karatasi ya kuonyesha.

Ikawa siku ya kazi, saa ine asubuhi, upepo ukaanza kutoka kusini. Mawimbi ya kweli. Nilikuwa bironi kwangu, juu, miguu mikavu, ninasaini barua ya pili ya kukumbusha ile ya kwanza. Nikasikia kishindo, halafu watu wakilia "Yooo! Yooo!" Niliposhuka, ukuta wa chumba kile haukuwako tena. Kulikuwa na ziwa. Rafu ya juu na rafu ya chini zilikuwa zote mahali pamoja.

Niliingia ndani ya maji na suti yangu. Muntu wa miaka yangu, nikikamata makaratasi kwa mikono miwili, yananipasukia kama ugali usioiva. Mzee wa biro akanishika kiuno kwa nyuma, akasema, "Papa, inatosha. Papa, utakufa." Akanitoa. Hakuniambia "si nilikuambia?" Hata leo hajaniambia.

Siku mbili tatu zilizofuata, wavuvi walikuwa wanatuletea kurasa. Wengine walizikuta mbali, kuelekea Makobola. Tukazitandaza kwenye muchanga, tukaziwekea mawe, kama wamama wanavyoanika ndagala. Zikakauka. Nikapita katikati nikiinama ukurasa kwa ukurasa. Zilikuwa buluu-buluu, safi. Hakuna jina hata moja. Wino wetu ulikuwa ule wa bei rahisi.

Baada ya wiki saba, accusé de réception ikafika. Ikiwa na muhuri muzuri kabisa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilianguka. Watu walianza kuja kwangu nyumbani, hapa Rugenge. Walimu, wauguzi, watu wa mahakama, watoto wa jana ambao leo ni wazazi. Mumoja anaambiwa kazini alete kikaratasi kipya, mwingine amepewa tarehe ya mwisho. Wanakaa kwenye kiti kile kando ya mulango, wanasema, "Professa, tutafanya namna gani?" Nami sikuwa na kitu. Muntu aliyesoma sheria miaka yote hiyo hawezi kumurudishia muntu jina lake! Nikaanza kujificha. Nikiona muntu anaingia uwanjani, napita nyuma. Misa nikaacha. Mulidhani ni presha. Presha ilikuwako, lakini ilikuwa aibu. Mara mbili niliandika barua ya kuacha kazi, mara mbili wakubwa wakanijibu nibaki, juu hakuna aliyetaka kurithi mashaka yangu.

Siku moja akaja kijana wa Mutarule, mwalimu, amefika na baskeli, vumbi mupaka kwenye nyusi. Sikupata nafasi ya kujificha. Nikamuambia lile nililowaambia wote: kitabu hakiko, nisamehe.

Akasema, "Papa, minye sina karatasi, lakini niko na kamio ya watu."

"Kamio gani?"

"Siku ya proklamasio, mulipotangaza waliofaulu, kamio nzima, lori limejaa, ilitoka kwetu. Ulipotaja jina langu, walinimwangia poda mupaka nikashindwa kuona njia. Wako wazima, wengi wao. Waulize."

Nikaanza kumufundisha. Ndiyo, jamani, nikaanza kumufundisha! Kwamba mudomo wa muntu unakuja mwisho, kwamba ndugu hawezi kumushuhudia ndugu. Akanisikiliza kwa heshima, akachukua baskeli yake, akaenda. Bibi yangu alikuwa anachambua maharagwe kwenye baraza. Hakuinua kichwa.

"Papa watoto," akasema, "huyu amekuletea mulango, weye unamuuliza funguo. Unajua sheria yote ya dunia. Kuomba musamaha na kuomba musaada, hivyo ulisoma wapi?"

Ilinichoma. Nilikaa na hasira jioni nzima. Asubuhi nikaenda kwanza kwa mzee wa biro, nikapiga magoti kwake, yeye akawa ananivuta nisimame, anaogopa watoto wake wataona. Halafu nikaenda kwa padri, nikaomba nafasi baada ya misa, nikasema mbele ya watu wote: vitabu havikuzamishwa na ziwa peke yake. Minye nilivizamisha.

Hapo ndipo tume ikaundwa, ya kusikiliza mashahidi na kurudisha majina. Tukaketi kwenye uwanja wa paruasi, chini ya hema la plastiki, watu watano kwenye meza na minye katikati. Kanuni nikaziandika mwenyewe, singeweza kuacha: mashahidi watatu kwa kila jina, wasiwe ndugu wa damu, kila mumoja aape, asikilizwe peke yake. Wizara ilikubali kupokea orodha yetu, na ikatupa siku ya kufunga.

Munajua desturi yetu siku ya proklamasio. Rekta anataja jina, anataja daraja, na wenye mutoto wanaruka. Poda kichwani, vitenge chini mutoto apite juu yake, vigelegele. Miaka yote hiyo minye pale juu nilikuwa nachukia ile fujo. Nilikuwa nangoja wanyamaze ili nitaje jina linalofuata. Sikujua kwamba ile fujo ndiyo ilikuwa inaandika. Wakaja watu! Mama mumoja alileta kitenge kilekile, akatueleza nani alishika upande gani. Wazee wawili waligombana mbele yetu kama mbuzi wa sherehe ya siku ile alikuwa mweusi au wa madoa, lakini jina na daraja walisema sawasawa. Majina yakarudi, mumoja mumoja. Nilianza kulala.

Halafu ikafika siku ya mwisho. Jioni ile orodha inafungwa.

Akaingia mwanamuke kijana, sketi safi, viatu vimeshonwa. Alikuwa amesoma sheria, kwangu. Alitaka kuapishwa awe mutetezi wa watu mahakamani, na bila jina lake kwenye orodha ile basi, miaka yake yote imekwisha hapo. Nikamuuliza mashahidi wake.

"Sina, Professa. Wazazi walikufa vitani. Siku ya proklamasio nilikuja peke yangu, nikarudi peke yangu."

"Wanafunzi wenzako?"

"Niliowajua walivuka kwenda Burundi. Sijui wako kambi gani. Simu hazipiti." Akakunja mikono. "Lakini weye ulikuwako, Professa. Weye ndiye ulitaja jina langu. Nilikaa benchi ya tatu, miaka mitatu."

Kanuni inakataza aliyeketi kwenye meza kuwa shahidi. Nikasimama. Nikamuambia mwenzangu ashike kiti changu, nikazunguka meza, nikaketi kwenye ile benchi ya mashahidi, kando yake. Nikaapa. Mwenzangu akaniuliza, "Unamukumbuka huyu?"

Nikageuka nikamuangalia. Nikaangalia paji la uso, macho, mikono. Mbele ya Mungu na mbele yenu, watu wa shirika: sikumukumbuka. Nikatafuta benchi ya tatu kichwani mwangu, nikakuta vichwa mia tatu vimeinama vinaandika. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Nani angenipinga, hata kama kanuni inataka mashahidi watatu? Na angekuwa amepona.

Nilikuwa nimeapa. Nikasema, "Simukumbuki."

Akaangalia chini. Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo, "Aksanti, Professa." Alinishukuru! Nililia pale kwenye benchi, mbele ya wanafunzi wangu, na sikutafuta kitambaa. Maji ya ziwa hayakuniumiza vile.

Basi nyuma, kati ya watu waliosimama, sauti ikasema, "Munipishe. Munipishe, nimesema!" Akapita mama mumoja anayeuza mandazi kwenye mulango wa chuo. Nilikuwa nimepita mbele ya beseni yake kila siku na sikuwahi hata kununua. Akamushika yule binti kidevu, akamuinua uso.

"Ni huyu. Minye nilimumwangia poda."

"Mama, ni ndugu yako?" mwenzangu akauliza.

"Ndugu wapi! Kila mwaka kuko wale wanaotoka bila muntu. Wanataja jina, hakuna anayeruka, mutoto anatembea peke yake kama mwizi. Inaniuma. Ndiyo maana siku ile nabeba poda yangu, na wenzangu wa mulangoni wanabeba. Huyu alisema, 'Mama, utaichafua robe hii ya sherehe, niliiazima.' Nikamuambia nitaifua, na niliifua." Yule binti akamukumbatia. Alikuwa hakumutambua mama kwa sababu siku ile alikuwa haoni, poda imejaa machoni.

Sekretari wetu akasema mama hajui kusoma, atajuaje daraja? Hapo ndugu zangu, sheria yangu ikanisaidia mara moja tu kwenye habari hii yote. Nikasema kutoka kwenye benchi: hakuna sheria inayomutaka shahidi ajue kusoma. Anatakiwa kusikia. Mama akajibu yeye mwenyewe: "Distinction. Nakumbuka, juu watu walipiga makofi na hawamujui." Wenzake wawili wakaitwa, yule wa ndizi na yule wa mukaa, wakasikilizwa mumoja mumoja. Wakasema vilevile. Watatu. Tukaandika jina, na nyuma ya hema wamama wakapiga vigelegele vya kukawia miaka.

Sasa nashukuru. Namushukuru mzee wa biro. Namushukuru kijana wa Mutarule, ambaye jina lake liliandikwa kwa kamio nzima. Namushukuru padri, na bibi yangu, anayejifanya hasikilizi pale. Na mama wa mandazi, ambaye sasa nanunua kwake kila asubuhi, na daktari wangu hapendi. Funzo langu ni dogo, na mutanisamehe nikiwa bado profesa: ukipewa kulinda kitu cha watu, na hatari imekuja, kiokoe kwanza, barua utaandika ukiwa mukavu. Na mutoto wa muntu akitajwa jina mahali, hata humujui, geuza kichwa umuangalie.

Ningeketi hapo, na mungesema Papa Rekta amepona. Sikupona kabisa. Wako wengine saba. Orodha ilifungwa bila wao. Mashahidi wao wako ng'ambo, au wako makaburini. Wizara imetupa nafasi moja tena, mupaka Ijumaa, na hakuna nyingine. Kwa hawa saba nimefanya yote ninayojua, nikasoma vitabu vyangu vyote tena, na siwezi kitu. Mikono yangu ni hii, mitupu.

Mumoja wao yuko amekaa hapa kati yetu leo. Hakunituma, na sitamuangalia. Mwaka wake proklamasio ilifanyika kwenye uwanja wa paruasi, mvua ikatunyeshea katikati, wengi mukakimbilia kanisani. Jina lake lilitajwa wakati wa mvua. Wawili wamekwisha kusema walimuona. Anakosa wa tatu.

Minye ninakaa chini sasa. Kama ulikuwako, na hukukimbia mvua, simama.